Fundi Brashi na Kijani Chake

Ifahamike kwa ndugu, jamaa, majirani na wapita njia wote, wakiwemo wale wanaochungulia madirishani bila kualikwa, kwamba Fundi Brashi anapenda rangi ya kijani. Haipendi kidogo kidogo kama watu wanavyopenda vitu vingine. Anaipenda kwa moyo, kwa maini na kwa figo zote mbili. Jambo hili lilitangazwa na mkewe, likaungwa mkono na watoto, likapitishwa na wakwe bila kura hata moja ya kupinga. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ndogo: hakuna aliyewahi kumuuliza mwenyewe.

Angeulizwa ya nini, na ushahidi ulikuwa umejaa nyumba nzima? Taulo lake lilikuwa la kijani. Kandambili zake za kijani. Mwavuli wake wa kijani, uliomfanya aonekane barabarani kama uyoga wenye sumu. Kila alipotimiza mwaka, binti yake mkubwa alileta kifurushi, familia ikamzunguka na kumkodolea macho usoni kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Fundi alifungua polepole, akaona, akasema, "Kijani!" Alisema hivyo kwa sauti ileile ambayo mtu husema "Mvua!" akiwa ameanika nguo. Wao walisikia furaha. Walipiga makofi.

Ukweli ni kwamba Fundi Brashi alikuwa hakitaki kijani hata kukisikia.

Mambo yalianza alipooa. Alikuwa na chumba kimoja ambacho kuta zake zilimwaga unga mtu akiegemea, na wakati huo alikuwa amemaliza kupaka zahanati. Zilibaki ndoo mbili za kijani cha korido. Msimamizi akamwambia, "Chukua wewe, mimi nizipeleke wapi?" Na hapa ni lazima siri ya wapaka rangi itobolewe: wao hawachagui rangi za nyumba zao. Nyumba zao huchaguliwa na wateja. Sebule ni ya benki fulani, choo ni cha shule fulani, na mlango wa jikoni ni wa mtu aliyebadilisha mawazo dakika ya mwisho. Fundi alikipaka chumba chake jioni moja, akafungua dirisha harufu itoke, akalala. Hakukipenda wala hakukichukia. Kilikuwa kimebaki, basi.

Siku chache baadaye mama mkwe akaja kukagua mahali binti yake alipoangukia. Alisimama katikati ya chumba, akageuka mzima mzima kama feni, akasema, "Mbona kama hospitali?"

Bibi harusi akainua kidevu. "Mume wangu anapenda kijani, Mama. Ndivyo alivyo."

Hilo "ndivyo alivyo" ndilo lililommaliza Fundi. Alikuwa amesimama mlangoni na chupa za soda mkononi, akaona uso wa mkewe. Alikuwa bado mgeni kwenye ndoa yule binti. Hakujua sukari inawekwa wapi, hakujua mumewe akikohoa asubuhi ni ugonjwa au ni mazoea. Lakini mbele ya mama yake alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, kwamba yeye anamjua mwanamume huyu. Fundi alifungua mdomo aseme ukweli. Mdomo ukakaa wazi kidogo, ukapata hewa, ukafungwa.

"Karibu soda, Mama," akasema.

Hapo ndipo alipojifunga kitanzi. Maana kijani cha korido si rangi ya kuishi nayo. Ni rangi ya kungojea sindano. Kila asubuhi alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichohisi ni kwamba muda si mrefu itaitwa namba yake. Mtu yeyote akikaa karibu na ukuta ule alionekana ametoka kutapika, au anajiandaa. Watoto walizaliwa wazuri wenye afya, lakini kwenye picha za nyumbani wote walifanana na vyura waliovalishwa suruali.

Na asidhani mtu kwamba hakujaribu kutoroka. Walipohamia nyumba kubwa zaidi alikuja na ndoo ya rangi ya maziwa iliyobaki kwenye ofisi ya wanasheria. Aliiweka mlangoni kama mtu anayemleta mgeni kwa hila. Mkewe akaitazama, akamtazama yeye, akacheka kwa upendo.

"Hebu iondoe hiyo, mume wangu. Unajinyima kwa ajili yetu? Mimi nimekwisha kukutafutia." Akamvuta mkono mpaka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na ndoo nne za kijani. Alikuwa amezunguka mji mzima juani kutafuta kilekile.

Utamwambia nini mwanamke wa namna hiyo? Fundi alishika brashi.

Miaka ikaenda, watoto wakakua wakatoka nyumbani, goti la kulia la Fundi likagoma. Lilikuwa limepanda ngazi za watu wengi, na siku moja likamwambia kwa lugha yake kwamba zamu yake imekwisha. Daktari akasema marufuku kupanda chochote kilicho juu kuliko kitanda. Fundi akarudi nyumbani, akakaa kwenye kochi mchana kutwa. Ndipo alipogundua kwamba maisha yake yote alikuwa akiamkia kwenye kijani na kukimbilia kazini, kwenye rangi za wengine. Sasa hakuna pa kukimbilia. Ni yeye na korido.

Watoto wakamwonea huruma, na watoto wakikuonea huruma, jiandae.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Binti mkubwa ni karani wa mahakama, mtu ambaye hata akiomba chumvi husimama kwanza. Kitinda mimba anauza simu, na hujawahi kumsikia akisema jambo bila kulicheka. Nyuma yao aliingia fundi mgeni amebeba ngazi, na nyuma yake ndoo, ndoo, ndoo.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema fundi mgeni. "Sifa zako tunazisikia."

"Marahaba. Hiyo ovaroli mpya?"

"Hapana, mzee. Nina miaka nayo."

Fundi Brashi aliikagua kuanzia kola hadi pindo. Haikuwa na doa hata moja. Mpaka rangi asiye na doa ni kama mpishi anayenukia marashi tu: kuna kazi mahali fulani haifanyiki. Akaanza kuingiwa na wasiwasi.

Binti mkubwa akasimama. "Baba. Sisi wanao, tukizingatia kwamba umepaka nyumba za watu mpaka goti limekusaliti, na tukizingatia kwamba hakuna aliyewahi kukupakia wewe, tumeamua kwa kauli moja kwamba sebule hii ipakwe upya. Kuta zote na dari."

"Na dari?"

"Na dari, Baba," akadakia kitinda mimba. "Unajilaza kwenye kochi, unatazama juu, kijani tupu. Utajiona uko ndani ya parachichi."

Mkewe alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni na furushi la vitambaa. Alikuwa ameshona foronya za mito ya makochi kwa siri, na kila mtu anajua za rangi gani. Uso wake ulikuwa uleule wa bibi harusi aliyeinua kidevu.

Fundi mgeni akachomeka bisibisi kwenye mfuniko, akakandamiza, mfuniko ukaachia. Ndani kulikuwa na kijani kizito, kijani cha chupa, kimetulia kama kinamngoja. Fundi Brashi akakitazama. Akajiona humo ndani, miaka yote iliyobaki, amelala chali.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini, Baba?"

"Sipendi kijani."

Binti mkubwa akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Baba, una homa?" binti akauliza.

"Sina."

"Hukipendi tangu lini?" Huyu alikuwa mkewe.

Fundi angeweza kusema tangu jana. Angeweza kusema ni dawa za goti. Lakini uongo alikuwa amekwisha kuutumia wote, tena kwa jumla.

"Tangu zamani," akasema. "Ile ilikuwa rangi ya zahanati. Ilibaki."

Kitinda mimba akaangua kicheko, dada yake akamkanyaga mguu, kicheko kikaisha kwa mlio. Mkewe akakunja furushi lake taratibu, pindo kwa pindo, kama mtu anayefunga duka. "Mfunikieni mtu huyo ndoo yake," akasema, akaingia jikoni. Fundi mgeni akaondoka na ovaroli yake safi kama alivyokuja, na pengine hiyo ndiyo siri yake.

Fundi alitarajia makelele. Makelele angeyamudu. Alichoandaliwa ni maswali.

Lilianza la chai. Mkewe aliiweka mezani, akabaki amesimama. "Unaipenda yenye tangawizi, au nayo ilibaki?"

"Naipenda."

"Una hakika? Maana naweza kuitoa."

"Kwa kweli... tangawizi inaniwasha koo kidogo."

"Kidogo!" akaiambia dari. "Nimemuwasha mtu koo tangu ujana wangu, ndiyo kwanza naarifiwa."

Ikafuata mito, laini au migumu. Ikafuata redio, taarifa ya habari au nyimbo. Mayai, ya kukaanga au ya kuchemsha. Upande wa kitanda. Yule shemeji yake anayekuja kila mwisho wa mwezi na kueleza upya namna alivyonunua kiwanja. Mwanzoni Fundi alijibu kwa tahadhari, kisha akaanza kunogewa. Jamani, kumbe ana mambo asiyoyapenda! Hapendi mto laini. Hapendi yai la kuchemsha, linamkwama. Shemeji hampendi kabisa, wala kiwanja chake. Aliyataja kama mtu anayetoa vitu vilivyosahauliwa chini ya kitanda, na alipoinua macho akaona kwamba kila alichokitoa yeye, mkewe alikuwa akikipokea kama kofi.

"Basi vizuri," mkewe alisema siku ya tatu ya mahojiano, akipepeta mchele ambao haukuwa na kosa lolote. "Usivyovipenda nimevisikia. Sasa niambie unachokipenda. Rangi gani?"

Fundi akafungua mdomo.

Hakukuwa na kitu.

"Nitakwambia," akasema. "Nipe muda."

Hili lilimtia kiwewe kuliko kijani chenyewe. Mtu aliyeshinda ndani ya ndoo za rangi maisha yake yote, halafu asiwe na rangi! Alikwenda dukani akichechemea, akaomba makopo madogo ya kujaribia. Muuzaji, anayemfahamu tangu enzi, akauliza, "Mteja anataka ipi safari hii?"

"Mteja hajui."

"Wateja wa hivyo ndio wasumbufu."

"Kweli kabisa," akasema Fundi, na akahisi amesengenywa akiwa palepale.

Alipaka vipande ukutani sebuleni, kila kimoja ukubwa wa sinia. Rangi ya mchanga: akaona ofisi ya posta aliyoipaka akiwa na mafua. Bluu ya mbingu: hoteli ile ambayo meneja aliwakataza kutumia choo. Waridi: saluni ya mama mmoja mkarimu aliyewaletea uji. Njano: hakuona kitu, ila kichwa kilimuuma. Alisogea nyuma, akafumba jicho moja, akasogea tena. Kila rangi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu, "Nyumba ni yako, chagua unachopenda," akiwashangaa wanavyohangaika. Sasa alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliotapakaa viraka kama shati la chizi, na alitamani atokee mtu amwambie tu kimebaki nini.

Pengine ndivyo alivyokwenda katika mambo yote, akawaza. Alipewa, akapaka. Alikuwa mtu mwepesi wa kuridhika, na watu walimsifia hivyo kwenye mazishi ya watu wengine, yeye akiwa hai: "Fundi hana makuu." Hakuna aliyetambua kwamba asiye na makuu huenda hana na madogo.

Mkewe akaingia, akavitazama viraka. Akaketi kwenye mkono wa kochi, jambo ambalo amewakataza watoto tangu wanazaliwa.

"Umepata?"

"Bado."

"Mume wangu, nikuulize la mwisho, halafu nikuache."

"Uliza."

"Na mimi je?"

"Wewe vipi?"

"Mimi nilibaki kwenye kazi gani?"

Fundi alielewa. Alielewa vizuri sana, na kwa sababu alielewa, alichelewa kujibu. Alikuwa akitafuta neno lenye uzito unaostahili. Lakini mwanamke aliyeuliza swali kama lile hahesabu uzito, anahesabu ukimya. Akainuka, akatikisa gauni, akasema, "Haya, nimesikia," akaelekea mlangoni.

"Dirisha," akasema Fundi.

Mkewe akasimama lakini hakugeuka. "Dirisha gani tena?"

"La lile duka, pale kaunta mlipokuwa mnauza vitabu vya shule na kalamu. Ulikuwa unakaa ndani, mimi niko nje napaka fremu."

"Nakumbuka. Ulikuwa fundi mbovu kuliko wote niliowaona. Fremu moja, unapaka, unakwangua, unapiga msasa, unapaka tena. Tulikuwa tunakucheka humo ndani."

"Haikuwa na kosa."

"Nini?"

"Fremu. Ilikuwa imekamilika siku ya kwanza. Nikimaliza, narudishwa upande wa nyuma kwenye mabati. Nikawa naikwangua." Akakohoa. "Msimamizi akaja akashika, akaona imebaki mbao nyembamba kama rula. Akanifukuza kazi. Ndipo nikaingia ndani nikajifanya nanunua kalamu."

Mkewe akageuka. Alikuwa anajaribu kukaza uso na uso haukutaka.

"Ulifukuzwa kazi kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya fremu. Wewe ulikuwa nyuma yake."

"Na mimi nikakuonea huruma! Nikamwambia mwenzangu, maskini huyu hajui hata kazi yake, sijui nani atamlisha. Ndiyo maana nikakupa ile kalamu bure." Akaja akaketi tena, safari hii kwenye kochi lenyewe. "Ilikuwa rangi gani ile fremu?"

Fundi akafikiri kwa uaminifu wote aliokuwa nao.

"Sijui," akasema. "Sikuwa naangalia rangi."

Mkewe akasogea karibu. Alichukua kitambaa akaanza kumfuta doa la waridi kwenye sikio, na alilifuta kwa muda mrefu kuliko doa lenyewe lilivyohitaji.

Jumamosi iliyofuata watoto waliitwa. Walikuja wamejiandaa kwa lolote: kitinda mimba na mzaha wake, binti mkubwa na uso wa hukumu. Walikuta ukuta wenye viraka, baba yao kwenye kochi, mguu juu ya stuli, na mama yao amesimama katikati ya sebule. Kidevu juu.

"Wanangu," alisema, "kaeni chini. Tumekosea miaka yote, mimi nikiwa wa kwanza. Tulimwangalia baba yenu tukaona ukuta, tukadhani ukuta ndio yeye. Baba yenu hana rangi anayoipenda. Hapendi kijani, hapendi bluu, hapendi ile ya mchanga. Sasa nimemjua." Akaelekeza mkono kwenye kochi. "Anachokipenda baba yenu ni kazi yenyewe. Kushika brashi. Kukwangua, kupiga msasa, kuanza upya bila kuchoka. Kupaka ndiko kunakompa raha. Ndivyo alivyo."

Binti mkubwa akatoa kitambaa akajifuta machozi kwa utaratibu, jicho moja kisha jingine. Hata kitinda mimba alisahau kucheka. Wote wakageuka kumtazama Fundi Brashi, naye akawatazama, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa mkewe.

"Kupaka nako sipendi," akasema. "Chuoni darasa la useremala lilikuwa limejaa, likabaki la rangi."